Mtu wa Kuhesabu

Mdogo wangu watu wanamwita Kigae, na jina hilo halikutoka mbali, kwa kuwa kazi yake ni kuweka vigae. Mkabidhi bafu lenye kuta zilizopinda, atakurudishia limenyooka, na tangu asubuhi hadi anapoosha mwiko wake hutasikia kutoka kwake zaidi ya "lete maji" na "sogea". Mama anasema alipozaliwa mkunga alimpiga kofi ndipo akalia, akalia mara moja, akaona inatosha. Mimi ni dada yake. Mkubwa jaa, na yote aliyoshindwa kuyasema yeye nimeyasema mimi kwa miaka zaidi ya thelathini. Nilimsemea kwa walimu, nilimsemea kwa wazazi wa mchumba wake wa kwanza, hilo halikufaulu, na nilimsemea kwa wateja walioagiza vigae vyeupe kisha wakaapa waliagiza vya krimu. Siku moja nilimsemea mahali nilipotakiwa kufunga mdomo, na habari yenyewe ndiyo hii.

Kazi yangu mimi ni funguo. Nakaa nyuma ya kaunta ya bwawa la kuogelea la manispaa. Mteja ananipa viatu, nampa taulo na ufunguo wenye namba. Nyuma ya kiti changu kuna ukuta, na nyuma ya ukuta huo kuna mbao mbili za kurukia, zimekaa sambamba, mita tatu juu ya maji. Mume wangu alikuwa fundi wa pampu hapo hapo. Asubuhi alisafisha vichujio, mchana alipima dawa ya maji, jioni alivua ovaroli akapanda ubaoni. Tulipokuwa wachumba nilimwambia kwamba mwanamume anayejirusha kichwa chini kila siku asishangae nikidhani kichwa chenyewe kina kasoro. Akasema ndiyo maana anatafuta mke mwenye akili ya kutosha watu wawili.

Kigae aliingia kwenye mchezo kwa njia ya vigae. Alikuwa na miaka kumi na tisa, amekuja na fundi aliyemfunza kazi kubandika vigae vilivyobanduka upande wa kina kirefu, na bwawa lilikuwa limekaushwa. Alipomaliza alipanda ubao wa mita tatu, akasimama kwenye ncha kabisa, akachungulia lile shimo tupu. Mume wangu, ambaye wakati huo alikuwa shemeji yake wa miezi miwili, alimpigia kelele ashuke kabla hajafa. Kigae akasema mstari wa tatu umekwenda kombo kidogo. Akashuka, akaubandua wote, akaubandika upya. Jioni hiyo mume wangu aliniambia amepata mwenzake, mtu anayesimama juu ya shimo la saruji na kuona kombo la mstari tu. Maji yaliporudishwa akaanza kumfundisha.

Waliruka pamoja miaka kumi na moja. Mchezo wenyewe uko hivi: watu wawili, mbao mbili, wanaondoka kwa pamoja, wanazunguka hewani kwa pamoja, wanaingia majini kwa pamoja, na waamuzi wanatazama kama wangeweza kuwa mtu mmoja. Huwezi kumtazama mwenzako, kwa hiyo lazima mmoja ahesabu. Kigae na kuhesabu wapi na wapi. Aliyehesabu ni mume wangu. "Moja," mikono inapanda. "Mbili," visigino vinashuka na ubao unajipinda. "Twende," wameondoka. Ile "mbili" alikuwa anaivuta, anaivuta mpaka unadhani ameghairi. Mimi nilikuwa naisikia kupitia ukutani mchana kutwa nikipanga viatu, na sikujua kwamba naisikia, kama mtu asivyojua anasikia friji lake.

Walichokuwa wanakitafuta ni Michezo Mikuu, ile inayokuja kila baada ya miaka minne, ambayo hata asiyejua kuogelea anaikalia mbele ya televisheni. Mara ya kwanza walikosa nafasi kwa sababu hawakuwa wazuri. Mara ya pili walikuwa wazuri ila Kigae alikuwa ameteguka kifundo cha mguu akishusha mfuko wa saruji. Mara ya tatu Kocha wetu, mwanasarakasi wa zamani mwenye magoti yanayolia kama mlango, alisema hakuna wa kuwazuia. Mashindano ya kutafuta nafasi yangefanyika ugenini, mataifa arobaini na zaidi. Majina yao yalishatumwa.

Miezi minane kabla ya safari, Jumanne, saa tano asubuhi, mume wangu aliketi kwenye ngazi ya chumba cha pampu kufunga kamba za viatu na hakuinuka. Moyo, daktari alisema. Alikuwa na miaka thelathini na sita na aliweza kupanda ngazi za ubao mara sitini kwa siku.

Sikulia. Nasema hivi bila kujisifu na bila kujilaumu. Nilingoja kilio kama mtu anavyongoja fundi aliyesema anakuja saa nne, nikaacha kungoja. Nilikunja nguo zake, nilijibu simu, niliwaonyesha wageni pa kukaa. Mama alihamia kwangu ili asinikose nikianza, akawa analala kitanda kimoja nami na kunipapasa uso gizani kuona kama una maji. Siku ya kumi nikarudi kwenye kaunta. Wateja walinipa viatu vyao kwa adabu kubwa. Wengine walinong'ona mjane gani huyu, na mimi nilisikia, na haikunigusa popote. Mwenye kovu usidhani amepoa, watu husema, lakini mimi hata kovu sikulihisi. Mwili wangu ulikuwa umekufa ganzi, na nilitembea nao nikiubeba kama mzigo wa mtu mwingine.

Kigae naye alikuwa vivyo hivyo, ila kwake si rahisi kuona tofauti. Mimi niliiona kwenye kazi. Aliweka vigae vya maua katika bafu zima la mwenye nyumba mmoja, na maua yote yakatazama chini. Alikuwa hajakosea hivyo tangu aache uanafunzi. Mwenye nyumba alitazama kwa muda mrefu, kisha akasema afadhali hivyo, yanaonekana kama yananyesha. Kigae akakusanya vifaa vyake bila kucheka.

Jina la mume wangu likafutwa kwenye orodha ya wawili na jina la Kigae likahamishiwa kwa wanaoruka peke yao. Kocha aliomba nafasi ya safari ya marehemu isipotee, nikapewa mimi, na kwenye karatasi nikaandikwa mhudumu wa timu. Kazi ya mhudumu ni kubeba taulo, maji ya kunywa na kile kitambaa kidogo cha kufutia maji mwilini baada ya kila mruko ili mikono isiteleze. Nilisema sawa. Wakati ule ungeniambia nihudumu mwezini ningesema sawa.

Sasa kuna kosa tulilolifanya, na ni kosa la watu wa bwawa letu, wa kwingine wangecheka. Miruko ya kwenda mbele Kigae hakuwa na shida nayo. Unatembea hatua tatu, unaruka, ubao unakurusha, na hatua zenyewe zinakuhesabia. Lakini kuna ile ambayo mrukaji anasimama kwenye ncha ameyapa maji mgongo, vidole tu juu ya ubao, visigino hewani, na hapo hakuna hatua yoyote. Unaanza unapoanza. Kwa miaka kumi na moja Kigae alianza alipoambiwa. Baada ya msiba alikuwa anasimama pale na kusimama na kusimama. Dakika tatu. Dakika saba. Siku moja mtoto wa darasa la kuogelea alimaliza somo zima, akaoga, akavaa, akaja kuchukua viatu, na Kigae bado yuko juu. Mwishowe aliruka, na aliruka vizuri sana, kwa hiyo Kocha akamwacha. Ndiyo kwanza amefiwa, alisema, asikimbizwe. Hakuna aliyemwekea saa. Wote tulimwonea huruma, na huruma ile ilikuwa imemchimbia shimo.

Ukumbi wa ugenini ulikuwa mkubwa kiasi kwamba sauti yako ilikurudia ikiwa na umri mkubwa zaidi. Sakafu ilikuwa na joto chini ya miguu. Juu ya bwawa kulikuwa na bomba linalonyunyiza maji muda wote ili uso wa maji utikisike na mrukaji aweze kuuona ulipo. Kigae alitazama vigae vya ukingoni, akainama, akapitisha ukucha kwenye kiungo. Nilimuuliza kama kazi ni nzuri. Akasema wameficha kosa kwenye kona. Hayo ndiyo maneno pekee aliyosema asubuhi hiyo.

Kabla ya kuanza, mwamuzi mkuu, mama mmoja mrefu mwenye suti nyeupe na nywele fupi, alikutanisha timu zote na kusoma kanuni. Kocha alitutafsiria pembeni. Filimbi ikilia una dakika moja. Ikipita unaonywa, unapewa dakika nyingine. Nayo ikipita, sifuri. Na tangu filimbi ilie mpaka mrukaji aguse maji, mtu wa timu yake haruhusiwi kumsaidia kwa neno wala kwa ishara, akimsaidia ni sifuri. Nilimuuliza Kocha na mimi nikipiga chafya je. Akasema nipige kuelekea ukutani. Nasema hili ili mtu asije akadai sikujua. Nilijua, na nilifanyia mzaha.

Warukaji walikuwa arobaini na watatu, miruko sita kila mmoja. Kumi na wawili wa juu wangepata nafasi ya Michezo Mikuu, na waliobaki wangerudi makwao na fulana. Kigae alisimama foleni akiwa na taulo mabegani, kati ya vijana wenye vifua kama milango, na alionekana hasa kama alivyo, fundi wa miaka thelathini na mmoja mwenye magoti magumu kwa kupiga magoti sakafuni.

Mruko wa kwanza ulikuwa wa mbele. Aliingia majini bila kurusha maji, na baadhi ya watu kwenye viti wakanong'ona. Nikampa kitambaa, akajifuta, akanirudishia. Sikuhisi furaha. Nilijua kwamba ni jambo la kufurahisha, nikaliweka mahali pake.

Mruko wa pili ulikuwa mmoja wa ile miwili ya kuyapa maji mgongo. Filimbi ikalia. Akatembea hadi kwenye ncha, akageuka, akapanga vidole vyake, akanyoosha mikono mbele. Akakaa. Kocha alianza kuhesabu sekunde kwa midomo. Kwenye hamsini na kitu, kichwa cha Kigae kikatikisika kidogo kama mtu aliyeamshwa, akaruka. Haukuwa mruko mbaya, haukuwa mzuri. Aliporudi Kocha alimwambia taratibu kwamba hapa si nyumbani, na Kigae akasema anajua.

Wa tatu ulikuwa wa mbele tena, akauruka kwa namna ambayo hata mrukaji aliyekuwa nyuma yake kwenye foleni alitikisa kichwa kwa heshima. Ubao wa matokeo ukaandika namba tisa mbele ya jina lake. Kumi na wawili wanachukuliwa, yeye ni wa tisa, imebaki miruko mitatu. Kocha akanishika mkono bila kujua ananishika. Nikafikiri jambo moja tu: mume wangu angekuwa hapa angeniambia nisitazame ule ubao.

Wa nne ulikuwa mizunguko miwili na nusu kwa nyuma. Ndio walioupenda kuliko yote, yeye na shemeji yake. Kwenye mashindano ya nyumbani watu walikuwa wanasimama wakisikia unatangazwa. Filimbi ikalia. Kigae akaenda, akageuka, akayapa maji mgongo, na kwa kuwa benchi letu lilikuwa upande wa ngazi, uso wake ukawa unatutazama sisi.

Alinyoosha mikono mbele. Akaishusha. Akaipanga upya kando ya mapaja. Hakuwa na hofu usoni, hilo nataka lieleweke. Alikuwa na uso wa mtu anayesubiri kwenye foleni ya posta. Amekuja, yuko tayari, anangoja tu aitwe. Sekunde zikapita. Ukumbi ukanyamaza, kisha ukanyamaza zaidi, mpaka kilichosikika ni lile bomba likinyunyiza. Dakika ikaisha. Mwamuzi mkuu akapuliza filimbi fupi na kuinua kidole kimoja. Onyo.

Kocha alikuwa ameinamisha kichwa kati ya magoti. Mimi nilikuwa namtazama mdogo wangu, na yeye alikuwa ananitazama mimi, au alikuwa anatazama mahali nilipo. Sekunde kumi. Ishirini. Nikaona kidole chake kidogo cha mguu kinatafuta ukingo wa ubao. Nikajua kabisa anachokingoja. Nikajua hakitakuja, kwa sababu nilizikunja mwenyewe nguo zake na kuzitia sandukuni. Nilijua vilevile kanuni. Nilijua vyote viwili kwa wakati mmoja, na hakuna hata kimoja kilichonigusa.

Ndipo nikasikia mtu anasema, "Moja."

Mikono ya Kigae ikapanda.

"Mbili," akasema huyo mtu, akaivuta ile mbili, na visigino vya mdogo wangu vikashuka na ubao ukajipinda wote.

"Twende."

Akaondoka. Sina maneno ya kitaalamu. Alipanda juu kuliko nilivyowahi kumwona akipanda, akajikunja, akazunguka mara mbili na nusu kama mtu ambaye hana haraka na mahali pa kufika, akajikunjua, akanyooka, na maji yakampokea bila hata kutoa sauti. Palibaki duara dogo la povu. Kwenye viti watu walisimama. Mimi bado nilikuwa nashangaa ni nani aliyehesabu, mpaka nilipomwona Kocha ananitazama, nikahisi ulimi wangu bado uko kwenye meno, mahali neno la mwisho lilipouacha.

Waamuzi hawakuonyesha namba. Mwamuzi mkuu alipuliza filimbi na kuja upande wetu akitembea kwa haraka. Kigae alikuwa anapanda ngazi ya bwawa, maji yanamtiririka. Mama yule aliuliza swali, na Kocha akatutafsiria, akitabasamu kwa midomo ili aonekane anaeleza jambo dogo. Sauti imesikika. Kama ni ya mtazamaji, mrukaji amesumbuliwa, ataruka upya. Kama ni ya mtu wa timu, ni sifuri. Hajui imetoka wapi, kwa kuwa ukumbi huu unarudisha sauti.

"Nyamazeni nyote wawili," Kocha akasema, bado anatabasamu. "Nimemwambia imetoka juu, kwenye viti."

Mimi nilinyamaza. Ulimi uliponza kichwa, na nilikuwa nimeshachelewa kuukumbuka usemi huo, lakini niliukumbuka. Mwamuzi mkuu hakuridhika. Alimgeukia Kigae, akamtazama machoni, akasema maneno machache kwa sauti ya upole.

"Anauliza unaijua hiyo sauti," Kocha akasema. "Tikisa kichwa tu, ndugu yangu. Tikisa kichwa, upande ukaruke tena."

Kigae alifuta maji usoni kwa kiganja. "Naijua," akasema.

Kocha hakutafsiri. Alisimama pale na tabasamu lake limemganda. Basi mdogo wangu, ambaye maisha yake yote nimemsemea mimi, akainua mkono akaninyooshea kidole. Mwamuzi mkuu akatazama kidole, akanitazama mimi, akatazama beji iliyoning'inia shingoni mwangu yenye picha yangu na bendera. Akainamisha kichwa kidogo, kama mtu anayetoa pole, akarudi kwenye meza yake.

Ubao ukaandika sifuri.

Kitu cha kwanza nilichokihisi baada ya miezi minane kilikuwa hasira, na kilikuwa hasira juu yake. Alipoketi nilimtupia kitambaa badala ya kumpa. Nikamuuliza ana wazimu gani. Nilimwambia angetikisa kichwa tu, kutikisa kichwa hakuhitaji hata maneno, angepanda tena, angeruka, wa tisa angekuwa wa sita, na miaka kumi na moja isingekwenda na maji. Nilimwambia mambo mengine ambayo sitayaandika. Aliyasikiliza yote huku akifuta mikono yake, kidole kimoja kimoja.

"Ule mruko nimeshauruka, dada," akasema. "Kuurudia ni kusema haukuwepo."

Nikamwambia haupo. Nikamwonyesha sifuri.

"Sisemi kule," akasema. Kisha jina lake likaitwa, akaenda kuruka wa tano.

Aliruka wa tano na wa sita, yote ya mbele, na waamuzi wakampa namba nzuri, kama watu wanavyompa chakula kizuri mgonjwa ambaye hatapona. Alimaliza wa thelathini na sita. Yule aliyemaliza wa kumi na mbili alikuwa kijana mwenye masikio makubwa, aliyepiga magoti ukingoni na kulia mpaka wenzake wakaja kumwinua. Nilimtazama na kuhesabu, kama kila mtu anavyofanya, ingawa haifai: mruko wowote wa kawaida kwa nafasi ya ile sifuri, na machozi yale yangekuwa yetu. Kocha alifanya hesabu hiyo hiyo kwenye karatasi, akanionyesha bila kusema, akaikunja, akaenda kutafuta mabegi. Hajanilaumu mpaka leo. Ningefurahi kama angenilaumu.

Ukumbi ulianza kutawanyika. Mtu wa usafi alifunga lile bomba la kunyunyizia, na uso wa maji ukatulia ukawa kama kioo. Kigae alikuwa ameketi karibu nami na fulana yake mpya, ameivaa nyuma mbele, na hakuna kati yetu aliyejishughulisha kuigeuza. Hasira ilikuwa imeniishia. Nilijua kwamba nimemnyima mdogo wangu Michezo Mikuu kwa maneno matatu, na nilijua kwamba miaka minne ijayo magoti yake yatakuwa ya kuweka vigae tu. Nikamwambia nimekosa. Nikamwambia anisamehe, kwamba sikupanga, kwamba mdomo ulifunguka wenyewe.

Hakusema amenisamehe. Aliinama, viwiko kwenye magoti, akatazama maji.

"Umeivuta kama yeye," akasema. "Ile mbili."

Nikasema sikujua kwamba naijua.

"Mimi nimeitafuta miezi minane," akasema. "Nilikuwa nasimama kule juu naitafuta. Maneno ninayo, sauti sina. Nikiyasema kichwani yanatoka kwa sauti yangu." Nikadhani amemaliza, kwa kuwa yalikuwa tayari maneno mengi kuliko ya mwaka. Kisha akaniuliza, kama mtu anayeazima kitu kwa jirani, "Unaweza kusema tena? Polepole."

Nikatazama huku na huku. Hakukuwa na filimbi, hakukuwa na kanuni, hakuna aliyekuwa anatusikiliza isipokuwa mtu wa usafi, na yeye hakuijua lugha yetu. Nikasema moja. Kigae akafumba macho, mikono yake ikainuka kidogo kutoka magotini. Nikasema mbili, nikaivuta kama alivyokuwa akiivuta nyuma ya ukuta wangu mchana kutwa, miaka yote ile nilipokuwa napanga viatu vya watu na sisikilizi.

Kwenye twende sikufika. Mdogo wangu alikaa na macho yamefumba, akingoja, na mimi nikalia pale pale kwenye benchi, kwa sauti, beji ikiwa bado shingoni.